Yuko

Mwalimu Semboja kaanza na nomino,
akagonga dawati, akatamka jina lake.
Akataja chungwa, Muheza, chumvi, huruma.
Nikanyoosha mkono: huruma utaigonga wapi?
Darasa likacheka. Yeye pia.
Tuko watu wazima kumi na mmoja,
madaftari tumeyavika magazeti,
magoti yamekwama chini ya madawati ya watoto
shule ya msingi, Chumbageni,
Jumanne na Alhamisi baada ya magharibi,
umeme ukipenda.

Mimi nimetoka mkongeni.
Miaka ishirini na sita nimelisha korona,
najua jani bila mashine ni jani tu,
kwa hiyo kitenzi nilikielewa siku ile ile:
ndicho kinachokwangua, ndicho kinachotoa singa,
ukikisogelea ovyo kinakula vidole.
Kivumishi ni rangi, nyumba hupakwa ikishasimama;
ila Waingereza hupaka kwanza,
kuta wanajenga baadaye.
Nyekundu, kubwa, kuukuu... unasubiri, unasubiri,
kumbe baiskeli.

Kisha dhe. Kidudu hiki
hakina ndugu kwetu.
Mwalimu akasema: ni yule ambaye sote tunamjua.
Nikaandika pembeni:
kama kusema "mgonjwa"
katika nyumba yenye mgonjwa mmoja.

Sikuja kutafuta cheti.
Nina fomu, nimeifunga kwa rambo la zamani,
ya wale wanaotafuta watu waliopotea,
kurasa tatu, zote Kiingereza.
Mjukuu angenijazia kwa dakika tano.
Nilikataa. Niliyemzaa mimi
nitamwandika mimi.

Viwakilishi vikanikwaza.
Kwetu yeye ni yeye, awe Mwanaidi, awe Mhina;
kwao lazima uchague mlangoni, hi au shi,
kama msikitini.
Haya, hi. Mwanangu ni hi.
Mhina, fundi redio, mrefu,
mguu wa kushoto una kovu la cheni ya baiskeli,
aliondoka na lori la machungwa, mwaka wa tisa huu.

Kwa Kiswahili hapo nimemaliza.
Mhina, fundi redio. Nukta. Yasimama yenyewe,
haimuulizi mtu kama yu hai.
Kiingereza hakikubali. Kinanidai kitenzi
katikati ya mwanangu na kazi yake:
izi, au wozi.
Nilikaa na kalamu mpaka mlinzi akaja na funguo.

Hata vihusishi havikunifaa.
Ini, oni, ati,
kama mtu anayeagiza nyama kisha akashangaa bei.
Mwalimu alichora sanduku na mpira,
mpira ndani, mpira juu, mpira kando.
Na mpira usioonekana?
Akasema huo haumo kwenye silabasi.
Basi mimi, wa darasa la nne, nikamfunza yeye:
yupo, ukiweza kumwonyesha kwa kidole;
yumo, ukimsikia anakohoa chumbani;
yuko,
ukijua tu kwamba pana mahali.

Alifuta ubao polepole, hata pasipo na chaki.
Akasema, kwao yote matatu ni izi.

Yote matatu?

Nikaijaza pale pale, kwa herufi kubwa,
nukta ikatoboa karatasi.
Lahaula, nikasema,
na hilo nalo lina jina, kiingizi,
mwalimu alikuwa amekiweka wiki ya mwisho
akidhani ni chepesi.