Sahihi Kumi na Moja

Lifti ilikuwa imekufa. Tulipanda ngazi
bila kusemezana, Mwalimu Zadock mbele
na bahasha ya kaki kwapani,
mimi nyuma, macho kwenye viatu vyake:
kisigino cha kushoto kimelika upande.
Dirishani, Upper Hill yote ilikuwa imejifunika
ile baridi ya Julai isiyonyesha wala kuondoka.

Walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu.
Bi. Mutheu, mwenyekiti, alisoma shtaka taratibu
kama anayesoma imla, akisubiri tuandike:
kwamba tangu tarehe tatu hadi kumi na saba Machi
mwalimu huyu hakukanyaga darasani,
ilhali daftari la mahudhurio lina sahihi yake
kila asubuhi, saa moja na dakika kumi.

Mimi hufundisha Kiswahili.
Kila mwaka naandika ubaoni: VITAWE.
Sahihi, alama ya jina kwa mkono wa mwenyewe.
Sahihi, isiyo na kosa.
Tunga sentensi mbili.

Hakuomba ruhusa. Hakutaka mtu ajue
mwanawe alikunywa nini, wala kwa nini.
Siku zote hizo alikaa kwenye benchi la Kenyatta,
nje ya wodi, na chupa ya uji usionywewa,
na Gredi ya Sita, watoto hamsini na wanane,
wakakaa bila desimali.
Hilo silipunguzi. Fridah wa dawati la mbele
aliandika kwa chaki MWALIMU HAYUPO
akapiga mstari chini, mara mbili, kwa rula.

Asubuhi ya kwanza aliniandikia neno moja: Nishikie.
Nikamshikia.
Siku ya kwanza nilitia sahihi kwa huruma.
Ya pili, kwa sababu nilitia ya kwanza.
Kuanzia ya tatu mkono ulikuwa umekariri,
nami nilikuwa nikizungumza na mpishi
juu ya bei ya maharagwe, huku natia.

"Hizi sahihi ni zako?"
"Ni zangu."
"Zote?"
"Zote."

Z yake hukatwa kiunoni kwa kijistari.
Yangu haikatwi.
Miaka kumi na tisa nimesahihisha madaftari;
namjua mtoto aliyenakili kwa jirani
kabla sijafika kwenye jina.
Na Bi. Mutheu, nasikia, alishika chaki miaka mingi
kabla hajashika faili.
Aliinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha.
Akaurudisha mezani. Akavua miwani.

"Shahidi wa kwanza, Jerusha Kemuma,
mtunzaji wa daftari. Una la kuongeza?"

Watoto tunawafundisha kwamba njia ya mwongo ni fupi.
Hatuwaambii kwamba ina ngazi sitini na nne
na kwamba mwenzako anaweza kuzipanda zote
akibeba uwongo wako kwenye bahasha yake
bila kugeuka nyuma.

Nilikuwa na mkopo wa chama. Nilikuwa na miaka sita
kabla ya pensheni. Nilihesabu yote hayo,
msidhani sikuhesabu.

Kisha nikaomba kalamu.
Karani akanipa yake, ya buluu, kifuniko kimetafunwa.
Kwenye pambizo la karatasi yao
niliandika jina lake, haraka, kama asubuhi zile,
na Z ikasimama pale
nzima, bila mkato.

Hakuna aliyepumua. Zadock alinitazama
kama mtu aliyeibiwa kitu cha mwisho
alichokuwa bado anaweza kumpa mwenziwe.

Walisema tutaandikiwa. Wote wawili sasa.
Tukashuka, safari hii mimi mbele.
Ngazi ya mwisho akanigusa begani.
Nilijua atanilaumu. Nilijua pengine atashukuru.

"Kemuma," akasema, "sasa desimali
atawafundisha nani?"