Zima, Kisha Uwashe

Saa mbili na robo usiku, Zimmerman, ghorofa ya nne,
taa ya tatu ya ruta imegeuka nyekundu
kama jicho la mtu aliyekesha matangani.

Nilikuwa nimebakiza kurasa sita za tafsiri,
mkataba wa kuuziana pampu za maji,
na mteja wa Kampala alikwisha kuniambia mara mbili
kwamba subira yake nayo ina tarehe ya mwisho.

Nikapigia kampuni. Nikachezewa kinanda.
Nikabonyeza moja, nikabonyeza tatu, nikabonyeza nyota,
mpaka akaja kijana aliyejiita Kibiwott,
sauti laini kama ya mtu asiyedaiwa kodi.
"Zima, mama, hesabu hadi thelathini, kisha uwashe."
Mimi si mama yake, lakini nilihesabu.
Kufika ishirini na mbili nikakumbuka sufuria jikoni.
Nikawasha. Kijani. Kijani. Nyekundu.
"Sasa chomoa ule waya mwembamba wa manjano.
Usiupinde. Pangusa ncha kwa kitambaa kikavu,
urudishe mpaka usikie umelia."
Nikapangusa kwa upindo wa leso. Ukalia, tik.
Nyekundu.

Ndipo mlango wa jirani ukafunguka.

Kwanza Kwamboka, muuguzi, taulo kichwani:
"Na kwako pia umepotea?"
Kisha Mutheu wa chuo, kompyuta kaibeba kama sinia.
Kisha wale ndugu wawili wa chumba cha mwisho
ambao kwa miezi minane hawajaniitikia salamu.
Mmoja akaniambia shikamoo. Nairobi hii.

Nikasimama kwenye ujia nikiihesabu milango.
Nywila nilimpa mtu mmoja tu, Lemayian wa darasa la sita,
siku ya kazi yake ya sayansi,
nikamwambia: hii ni siri yangu na yako.
Sasa kila komeo lililolia lilikuwa ungamo.

"Wetu umekatikia wapi?" akauliza ndugu mkubwa.
Wetu!
Elfu mbili na mia tano, kila tarehe tano, natoa mimi.

Tukapanda paani na tochi za simu.
Waya wetu (na mimi nimeshaanza)
ulikuwa umefanywa kamba ya kuanikia:
blanketi zito, bichi, lenye chui wawili,
linachuruzika maji, na pale konani
waya umekunjika kama goti la mbuzi.
"Nani huyu anafua blanketi Julai?"
Kimya. Ndugu mdogo akatazama taa za Thika Road
kana kwamba ana miadi nazo.
Tukawashusha chui. Mutheu akaunyoosha waya polepole,
asiuvunje, kama anayenyoosha mkono wa mtoto aliyelala.

Kutoka chini, sauti ya Lemayian: "Umerudi!"

Milango ikafungwa, mmoja, mwingine, mwingine.
Hakuna aliyesema asante.
Utashukuruje kwa kitu ambacho hujakiri kukitumia?

Pampu za maji nilizimaliza saa saba usiku.
Usingizi ulikwisha kuniruka,
nikaingia ndani ya tumbo la ruta, penye orodha.
Mimi nina vifaa viwili. Nilikuta kumi na saba.
Simu ya Kwamboka. Mutheu, mara tatu.
Runinga ya inchi hamsini na tano, ya wale wasioitikia salamu.
Kitu kinachoitwa Simba Mkali; huyo atakuwa Lemayian.
Na chini kabisa: Ngatia Mwenye Ploti.

Ngatia wa ghorofa ya chini, aliyepandisha kodi Januari,
ambaye tangi letu linavuja
tangu kabla Lemayian hajang'oa meno ya utoto.
Kidole kikatua hapo, kikatulia.
Zuia.
Wale wengine nikawaacha na wetu wao.

Asubuhi akanikuta langoni, simu mkononi, uso umekunjika.
"Dada, huo mtandao wako, uko sawa kweli?"
Nikaiazima sauti ya Kibiwott, nikailainisha zaidi.
"Jaribu kuzima, Bwana Ngatia.
Hesabu hadi thelathini.
Kisha uwashe."