Hodi ya Miaka Tisa

Kwa Gencho nilifika saa tatu asubuhi,
mjini Ruse, ghorofa ya nne, lifti imekufa tangu Krismasi,
theluji ya Februari bado inayeyuka kwenye viatu vyangu.
Hakunikaribisha. Aliunyoshea ukuta kidole.
"Yule," akasema. "Mwanamke wa upande wa pili.
Miaka tisa ananigongea."

Mkewe, Rumyana, alikuwa akimenya viazi
bila kuinua macho,
kama mtu aliyeisikia kesi hii
hadi akawakinai mashahidi wote.

Nikasema: fungulia maji. Akafungulia.
Funga. Akafunga.
Pa! Pa-pa. Pa.
Nyuma ya kabati la vikombe,
na vikombe vikatetemeka juu ya visahani,
na mara, kutoka ng'ambo, mpini wa ufagio:
ko, ko, ko.
"Umesikia?" Gencho akaruka. "Umesikia?"
Nimesikia, bwana.
Nimesikia wawili.

Mwaka wa ishirini na tatu huu nasikiliza mabomba.
Lipo la mluzi: washa imelika ndani ya koki,
dawa yake haizidi bei ya mkate.
Lipo linalotatarika usiku maji ya moto yakipita,
hilo ni shaba inajinyoosha, liache,
hata wewe hujinyoosha ukiamka.
Ila hili la pa! ni maji yenyewe yanapiga kichwa.
Yanakuja mbio gizani, yameizoea njia,
nawe unayafungia mlango usoni.
Maji yakimwagika hayazoleki, hilo kila mtu analijua.
Yakizuiwa ghafla, je, yaende wapi?

Nikafunga kipimo: saba na nusu.
Nyumba ya watu haitaki kuzidi nne.
Nikasogeza kabati, nikabandua vigae viwili,
nikaingiza tochi, kisha mkono, kisha bega.
Bomba lilikuwa linaning'inia.
Vibano vitatu: kimoja kimeliwa na kutu,
kimoja hakikukazwa tangu jengo lisimame
(fundi wa zama zile alikwenda kula, labda, hakurudi),
cha tatu kimeshikilia msumari mmoja, kwa aibu tu.
Na kwenye zege, pale bomba lilipokuwa likipiga,
kishimo laini, cha mviringo,
kingetosha yai.

Miaka tisa ya hodi.
Hakuna aliyeitikia karibu.

"Ni yako," nikamwambia.
"Nini?"
"Kelele. Yeye alikuwa anakujibu.
Alidhani ni wewe."

Kisu kikasimama juu ya kiazi.

Nilifanya kazi hadi karibu saa tisa.
Vibano vipya, kila kimoja na raba yake shingoni.
Valvu ya kupunguza nguvu, maji yanapoingilia.
Kisha, karibu na mashine ya kufulia,
kikopo cha shaba chenye hewa ndani,
ili maji yakisimamishwa yapate pa kuegemea.
Hewa kidogo tu. Ujazo wa ngumi.
Fungulia.
Funga.

Tulisikia friji.
Tulisikia, ng'ambo, redio ya mama yule,
mtu akitaja kina cha mto Danubi,
bandari moja baada ya nyingine, bila haraka.

Gencho akaokota kile kibano kilicholiwa,
akakigeuza, akakitia mfukoni, akakitoa.
"Hiyo ni taka," nikasema.
"Najua."
Akavua ndara, akavaa viatu.
Viatu, kwa hatua nane!
Rumyana akafungua kabati la chini,
akatoa mtungi wa pilipili hoho za siki,
akamtia kwapani. Hakusema neno.
Akarudi kwenye viazi vyake.

Nilikuwa nakusanya spana
nilipomsikia huko nje, kwenye ujia:
amesimama. Anakohoa. Anahamisha mtungi
kutoka kwapa hili kwenda kwapa lile.
Halafu, kwa kifundo cha kidole,
kwenye mbao safari hii, si ukutani,

ko.

Redio ikazimwa.