Pedi ya Ndani

Ililia, ndiyo. Kila alfajiri saa kumi na moja,
Garazi akiteremka kwenda zamu yake hospitalini,
breki ya mbele ilipiga ukelele wa bata aliyekanyagwa,
na dirisha la ghorofa ya tatu likafunguka:
Mzee Anastasio, nywele wima,
akiuliza kama sote tumezaliwa bila masikio.

Sisi wa Eibar tumejenga mji ukutani.
Mitaa mingine ina lifti. Baiskeli hupanda ikisukumwa,
hushuka ikiombewa.

Mimi ni kaka mtu. Niliona haya.
Usiku nikashuka na kopo la mafuta ya mnyororo,
nikaipulizia diski pande zote mbili,
nikayasambaza vizuri kwa soksi kuukuu.
Nikazungusha gurudumu: kimya.
Nikalala nikijiona fundi.

Kimya kingi kina mshindo mkuu.
Waliosema hivyo hawakuwa na diski, lakini walijua.

Asubuhi alibana breki, nayo ikamwitikia
kama mtu anayeitikia simu huku amelala.
Kona ya kwanza aliikata kwa soli ya kiatu.
Ya pili hakuikata.
Makasha ya dagaa ya Bi Maixabel yalimpokea,
mtulinga ukavunjika pawili,
barafu ikatawanyika hadi mlangoni mwa benki.

Sasa amekaa kwenye ngazi, mkono umening'inia kwenye kitambaa,
koti bado lanuka samaki,
nami nimepiga magoti mbele ya gurudumu.
"Toa pedi." Natoa.
Zinang'aa kama kikaango. Nasugua kwa msasa;
mafuta yamezama, hayatoki. Nazitupa.
Mpya ni yuro kumi na nne.
"Zako," asema.
Zangu.

Diski naiosha kwa spiriti, kitambaa kipya kila mara,
siigusi kwa kidole: kidole nacho kina mafuta.
Hilo nimelijua nina miaka thelathini na mmoja.

Kisha ile kazi ya macho.
Waya huvuta pedi moja tu, ya nje.
Ya ndani haiendi popote. Imekaa pale,
na diski ndiyo hupinda kuifuata.
Kwa hiyo huanzwa na hiyo isiyosogea:
unazungusha skrubu yake, tik, tik,
mpaka ikikaribie chuma bila kukigusa,
lipite baina yao pengo la risiti ya duka.
Ndipo ya nje. Ndipo waya.
Nilianza na waya. Mkono wa breki ukalala kwenye usukani.
"Umeanzia mwisho," asema. "Kama kawaida yako."

Nalegeza bolti mbili za taya, nabana breki, nakaza
huku kidogo, kule kidogo,
huku kidogo, kule kidogo,
maana ukimaliza upande mmoja taya huenda upogo.
Naweka karatasi nyeupe nyuma yake:
uzi wa nuru huku, uzi wa nuru kule.
Nazungusha. Shii. Shii. Shii.
Mahali pamoja panagusa.
Diski imepinda; inakumbuka makasha.
Nainyosha kwa spana, unywele kwa unywele.

Samahani sijasema. Kila nikifungua mdomo
ananipa spana nyingine.

Pedi mpya haziumi mpaka zizoee:
upate kasi, ubane, uachie, mara ishirini.
"Wewe," asema.

Basi mimi, kwenye manyunyu, na baiskeli fupi ya dada yangu,
magoti yakinigonga kidevu,
napanda nikisukuma, nashuka nikibana,
na Mzee Anastasio dirishani anahesabu kwa sauti,
bat, bi, hiru, akikosea makusudi
ili nirudie ya saba.

Ya kumi na tano ikaanza kushika.
Ya ishirini ikapiga kelele, fupi, nene,
nikasimama shibiri moja kutoka kwenye dagaa.
Bi Maixabel hakuinua macho.
Alisogeza tu mizani yake
upande wa pili wa meza.