Vumbi la Khayega

Filamu huja imefungwa, na ufunguo wake, na saa zake.
Naiweka, inacheza, nashuka kunywa chai.
Lakini Jumamosi watu wa Kisumu hawataki filamu.
Wanataka mpira wa Ulaya, wanataka mahafali,
wanataka arusi ya binti aliyeolewa Perth,
na mwaka huu, Mola wangu, wanataka fahali
moja kwa moja kutoka Khayega, umande haujakauka.

Kila mgeni huja na umbo lake.
Dikoda ina lugha yake, kamera ina yake,
kompyuta ya kanisa ina lugha asiyoijua hata pasta.
Na projekta yangu ilizaliwa na kiburi:
isiposemeshwa kwa lugha ya kwao, hununa,
hututolea giza.
Ndiyo maana ya skela, kisanduku cha katikati,
mkalimani wa picha.

Mama Apondi akasema: Chagua wewe.
Pesa ni yangu, aibu itakuwa yako.

Mutwiri wa Nairobi aliniletea viwili,
na picha za majaribio: maua, na kasuku wa rangi zote.
Nikamrudishia. Ua halina haraka,
na kasuku hupendeza hata kwenye kioo kilichopasuka.
Nikaweka rekodi ya mwaka jana,
fahali wawili, vumbi, na wapiga isukuti.

Kisanduku cha bei ya mbuzi:
mistari witiri ikatangulia, mistari shufwa ikachelewa,
pembe zikaota meno kama chanuo.
Kisha kikamvuta fahali ajaze kiwambo
akanenepa, akanenepa, akawa kiboko wa Dunga.
Mkono wa mpigaji ungali hewani,
ngoma ishalia.

Shivachi, anayefagia bisi chini ya viti,
alikuwa ameegemea mlango. Hakuulizwa kitu. Alicheka tu.

Kisanduku cha bei ya shamba:
dikoda ikapiga hodi, ikajibiwa karibu papo hapo.
Pembe zikanyooka. Mkono na ngoma vikakutana.
Ngozi ya fahali ikang'aa kama imepakwa samli.
Nikajiambia, basi, nimepata.

Shivachi akauliza: Vumbi limekwenda wapi?

Tukarudia. Kweli, walikuwa wakipigana juu ya zulia.
Mutwiri akaeleza kwa upole wa muuzaji:
mashine imeona chembechembe, ikadhani uchafu,
ikapangusa. Haizimiki. Ndivyo ilivyoundwa.
"Si uchafu," akasema Shivachi. "Ni kwetu."

Usiku ule sikulala vizuri.
Najua kila kisanduku hukisia.
Kiwambo chetu kina nukta nyingi kuliko anazobeba mgeni,
na kati ya nukta na nukta lazima kitu kitungwe.
Sikatai. Mimi nami nakisia bili ya stima,
nakisia moyo wa mke wangu.
Ila nikikisia, uso wangu huonyesha.

Cha tatu kilifika Alhamisi kutoka Nakuru,
mitumba, kimefungwa kwa pazia la zambarau,
kona moja imebonyea.
Kina kilema: ukibadili mgeni, kutoka dikoda hadi kamera,
kinafumba macho sekunde nne nzima.
Nimezihesabu. Nne, ukumbini, ni ndefu kama foleni ya hospitali.
Lakini fahali alibaki fahali, mwembamba, pembe ya kushoto imevunjika ncha,
na Shivachi akamtaja kwa jina.

Nikaandika kwenye karatasi ya Mama Apondi:
Cha tatu. Sababu: vumbi.
Akanipigia simu. Vumbi gani?
Nikamwambia njoo Jumamosi, ukae mbele.

Jumamosi ikaja sekunde nne za giza.
Wakapiga miluzi. Mtu akadai nauli yake.
Kisha Khayega ikafunguka, rangi ya udongo, ukuta hadi ukuta,
na pale safu ya mbele
Mama Apondi akakohoa.