Mbavu za Bawa la Kushoto

Kazi yangu ilikuwa kushika mkia.
Kila Jumapili, Szeged, nyuma ya kiwanda cha pilipili kilichofungwa,
kwenye duara la lami ambalo vijana wa pikipiki
walituachia hadi saa nne,
nilipiga goti, injini ikinitemea usoni mafuta ya nyonyo,
na baba akazifuata nyaya kwa hatua za kuhesabu
mpaka katikati, penye msalaba wa chokaa.
Akitikisa kichwa, naachia.

Nyaya mbili, mita kumi na nane,
nyembamba kuliko waya wa gitaa.
Moja ya kupanda, moja ya kushuka.
Ndege inavuta, mtu anavuta,
wanazungushana.
"Zikikaza, unaongea nayo," alisema Dezső baba yangu, fundi wa tramu.
"Zikilegea, unaongea peke yako."

Mwezi wa sita akanikabidhi mpini.
Mizunguko mitatu ya adabu. Wa nne nikaipindua,
tumbo juu, kama nilivyozoea kumwona yeye,
nikasahau kwamba ikiwa kichwa chini
juu ni chini.
Nikavuta kuiokoa.
Nikaizika.

Haikulipuka. Ilitoa sauti
ya mtu aliyekalia kreti ya mayai.

Baba akaja na mfuko wa mkate.
Tukaokota nyasini: mkia mzima, pua, bawa moja na nusu,
na vibanzi vya balsa vidogo kama kucha.
"Usitupe hicho. Kina umbo la jirani yake."

Jikoni akasugua udongo kwenye injini
kwa mswaki wangu wa zamani.
Mimi nikachana karatasi ya bawa la kushoto kwa wembe,
na ndani, kwenye mbavu, nikakuta penseli.

Ubavu wa tatu: Aprili 1988, upepo.
Wa tano: kiburi.
Wa sita: waya, kutu.
Wa saba, mwandiko mwingine, herufi zimelalia kushoto
kama zile za kwenye chupa za jamu ambazo hatujazifungua:
Piroska. 14 Agosti. Nilikuwa nacheka.

"Hukuniambia mama alirusha."
Alikuwa anapuliza kabureta.
"Hakurusha. Alizika," akasema. "Mara nne."

Wiki tatu: pini, msasa, gundi,
madirisha wazi kwa sababu ya harufu.
Kwenye mizani ya unga ikasoma gramu elfu moja na sitini;
ilizaliwa na mia tisa.
Haba na haba hujaza kibaba, na gundi ni vivyo hivyo.
"Inakuwa nzito," nikasema.
"Tutaongeza kijiko cha mafuta."

Kabla ya kulifunika bawa akanisukumia penseli.
Ubavu wa tisa ulikuwa mtupu.
Tarehe niliijua. Neno lilinichelewesha
mpaka chai ikapoa.
Nikaandika: juu.
Nikalikata. Nikaandika: chini.

Akasoma bila miwani, akapuliza vumbi la msasa,
akaenda kuchomeka pasi.