Kunyooshwa Mara Mbili

Saa nane usiku, Tbilisi. Theluji haijaamua
kama inaanguka au inaning'inia tu.
Nimekaa na picha tatu za ukumbi mmoja:
ya kwanza gizagiza, ila dirishani
kila kipande cha kioo cha rangi kimetoka, hata ufa wake;
ya pili ya kadiri, haina kosa wala haina la kusema;
ya tatu imeungua kwa mwanga, dirisha limekuwa maziwa,
lakini chini ya ngazi naiona baiskeli ya mtoto,
gunia la viazi, na jina la Gio limekwaruzwa ukutani.
Hakuna jicho la mashine linaloviona vyote kwa mpigo.
Ndiyo maana tunaunganisha.

Vakhtangi anazitaka kabla ya saa tatu asubuhi.
Anauza nyumba. Anasema "ukumbi", hasemi "ngazi".
Anasema, "Na nguzo, Nestani, zisimame.
Mnunuzi akiona nguzo imepinda, anapinda bei."

Lenzi yangu ni pana. Niliinunua kwa mjane wa mpiga picha za harusi.
Ina ukarimu kupita kiasi:
ili kila kitu kienee, inazivimbisha kuta
kama pipa la mvinyo,
na pembeni inavishonea vitu uzi wa zambarau.
Si neno. Programu inaijua tabia yake,
ina wasifu wake: hutuna hapa, hapa hufifia.
Unaweka tiki kwenye kisanduku,
nguzo zinavuta pumzi, zinanyooka.

Basi nikaweka tiki. Nikaziunga zote tatu.
Nguzo zikatoka na viuno.
Viuno! Nguzo za mawe, zimebanwa katikati
kama bibi harusi ndani ya gauni la kuazima.

Nikarudi nyuma, nikatafuta, chai ikapoa.
Programu ilizinyoosha moja moja kabla ya kuziunga,
kisha zilipokuwa picha moja ikaiona ngeni,
ikasoma jina la lenzi, ikasema: aa, huyu namjua,
ikanyoosha kilichokwisha kunyooka.
Dawa ile ile, mgonjwa yule yule, kijiko cha pili.

Nikakataza kijiko cha pili.
Kumbe ile picha ya giza ilipoteza cheti chake njiani,
sijui niliigusa lini: lenzi, haijulikani.
Mbili zikanyooka, moja ikabaki na tumbo lake,
na dirisha likapata fremu mbili,
kama anavyoliona mlevi anayepanda ngazi hizi Jumamosi.

Wasemao samaki mkunje angali mbichi
hawajawahi kuunga picha.
Saa kumi na moja nikaziacha zote na upindo wake,
nikaziunga hivyo hivyo, mbichi,
nikanyoosha mwisho. Mara moja.

Zikasimama.
Isipokuwa ya kushoto.

Nikatandaza mistari ya gridi. Nikaisukuma nyuzi moja na nusu:
nguzo ikasimama, sakafu ikaanza kumwagika.
Nikairudisha. Nikaitukana lenzi, na mjane, na marehemu.

Ndipo nikamkumbuka Tsiuri wa ghorofa ya pili,
aliyekagua madaraja ya reli miaka thelathini,
alivyosimama mlangoni na sufuria ya maharage
wakati nafunga kamera kwenye miguu yake mitatu.
"Ile imeinama tangu tetemeko," alisema.
"Nilishusha timazi mwenyewe. Vidole vitatu. Haijaongezeka."
Akafunga mlango. Maharage yalikuwa yanaungua.

Saa tatu kasoro dakika tano natuma.
Vakhtangi anajibu: Na ya kushoto?

Naandika: vidole vitatu. Nafuta.
Naandika: ni lenzi.
Kidole kinakaa juu ya kitufe muda mrefu.
Nafuta hiyo pia.
Naandika: nenda na uzi, na jiwe.